Mitungi ya gesi ya bia ya pipa: jinsi ya kuijaza na kuihifadhi kwa usalama

Ukifanya kazi kwenye baa inayouza bia ya pipa, huenda kila siku unapita karibu na mtungi wa gesi bila kuufikiria. Ndani yake mna kaboni dioksaidi, yaani hewa ya ukaa, ambayo husukuma bia kutoka kwenye pipa hadi kwenye bomba la kaunta. Ni gesi ileile tunayoitoa tunapopumua, na haishiki moto. Ndiyo maana watu wengi huiona haina madhara. Lakini ikivuja kwenye chumba kidogo kilichofungwa, inaweza kumuua mtu kwa dakika chache.

Kwa nini ni hatari?

Gesi ya kupikia hutiwa harufu ili ikivuja uigundue. Kaboni dioksaidi haina harufu wala rangi. Ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, hivyo hutuama chini: sakafuni, shimoni, au kwenye stoo iliyo chini ya ardhi.

Hewa ya kawaida ina takriban asilimia 0.04 ya gesi hii. Ikifika asilimia 4, maisha yako yamo hatarini. Ikifika asilimia 10, unaweza kuzimia ndani ya dakika chache.

Kilo 1 ya gesi hii ikitoka kwenye mtungi hujaza takriban lita 540. Chukua mfano wa chumba cha baridi chenye upana wa mita 2, urefu wa mita 2 na kimo cha mita 2.5. Mtungi wa kilo 5 ukivuja wote humo, kiwango cha gesi kitazidi asilimia 20.

Je, ninaweza kuujaza mtungi mwenyewe?

Hapana. Usihamishe gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo, na usitumbukize barafu kavu ndani ya mtungi.

Gesi hii hukaa mtungini ikiwa kimiminika, na ni lazima ibaki nafasi ya kutanuka. Mtungi uliojazwa kupita kiasi ukipata joto, shinikizo hupanda haraka sana. Kifaa chake cha usalama kinaweza kupasuka na kumwaga gesi yote chumbani, au mtungi wenyewe ukapasuka. Pia gesi inayotoka kwa kasi ni baridi kali na huweza kuunguza ngozi na macho.

Peleka mtungi kwa msambazaji mwenye kibali, kisha hakikisha mambo haya:

- Umejazwa kwa kupimwa kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu huwa umegongwa kwenye chuma chake.
- Tarehe ya ukaguzi iliyogongwa kwenye mtungi haijapitwa na muda.
- Gesi ni ya daraja la vinywaji. Usitumie mtungi wa kuzimia moto.

Nitajuaje gesi inakaribia kuisha?

Upime mtungi kwa mizani. Mshale wa shinikizo husimama karibu palepale mpaka kimiminika chote kiishe, kisha hushuka ghafla. Usingoje mtungi uwe mtupu kabisa. Funga koki ukiwa umebakiza gesi kidogo, ili unyevu usiingie na kuleta kutu.

Uhifadhi na usafirishaji

Simamisha mtungi wima na uufunge kwa mnyororo ukutani, mbali na jua na jiko. Chumba kiwe na matundu ya hewa karibu na sakafu. Kwenye gari, fungua madirisha, usiulaze mtungi, na usiuache ndani ya gari lililofungwa juani.

Weka king'ora cha kupima kaboni dioksaidi. Kipimo cha oksijeni peke yake hakitoshi, kwa sababu gesi hii hudhuru mwili hata kama oksijeni bado ipo. Mshumaa nao si kipimo: unaweza kuendelea kuwaka wakati wewe tayari umo hatarini.

Dalili za kuvuta gesi hii

- kichwa kuuma na kizunguzungu
- kuhema haraka na moyo kwenda mbio
- kutokwa na jasho
- kuchanganyikiwa au kusinzia

Ukizipata ukiwa karibu na mitungi, usianze kutafuta panapovuja. Toka nje mara moja.

Nikimkuta mwenzangu ameanguka ndani?

Usiingie kumfuata. Ni vigumu kumwacha mtu unayemjua amelala sakafuni, lakini ukiinama kumwinua, unaingiza kichwa chako mahali gesi ilipo nyingi zaidi. Hivyo ndivyo ajali ya mtu mmoja inavyokuwa ya wawili au watatu.

1. Piga kelele, wazuie wengine wasiingie, na fungua milango kutokea nje.
2. Piga simu ya dharura: Tanzania ni 114 kwa zimamoto, Kenya ni 999. Waambie ni gesi.
3. Waache waokoaji wenye vifaa vya kupumulia wamtoe.
4. Akishatolewa kwenye hewa safi na hapumui, anza kumkandamiza kifua kama umefundishwa.

Kila aliyeivuta gesi na kujisikia vibaya aende hospitali, hata kama amepata nafuu. Aliyeunguzwa na baridi ya gesi aoshwe kwa maji ya uvuguvugu. Usimsugue.

Kabla ya zamu yako ijayo, muulize msimamizi maswali mawili: king'ora kiko wapi, na koki kuu inafungwaje?