Chombo cha Mtu Mwenye Ulemavu Kinapoharibika Mbali na Nyumbani: Hatua za Kuchukua

Kwa mtu mwenye ulemavu wa viungo, kitimwendo, baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono au skuta ya umeme ndiyo miguu yake. Basi likiharibika, abiria hushuka na kutafuta usafiri mwingine. Baiskeli ya magurudumu matatu ikikatika cheni katikati ya barabara, mwenyewe hawezi kuiacha hapo na kwenda kumtafuta fundi. Kwa sababu hiyo, maandalizi ya kukabiliana na hitilafu ya njiani yanapaswa kuanza kabla ya kutoka nyumbani, na wapita njia nao wanapaswa kujua namna sahihi ya kusaidia.

Haki ya mtu mwenye ulemavu kwenda anakotaka inatambuliwa katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 20 ya Mkataba huo inazitaka nchi wanachama kumwezesha mtu huyo kujongea kwa uhuru kadiri inavyowezekana, ikiwemo kurahisisha upatikanaji wa vifaa saidizi kwa gharama nafuu. Kwa upande wa Tanzania Bara, haki za kundi hilo zinasimamiwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010.

Maandalizi kabla ya safari

Mtumiaji anashauriwa kukagua upepo wa matairi, cheni, breki, spoki na nati kila anapotaka kwenda mbali. Baiskeli nyingi za magurudumu matatu hutumia vipuri vya baiskeli za kawaida, hivyo fundi baiskeli wa mtaani au kijijini anaweza kuzitengeneza. Tyubu ya akiba, viraka, gundi, pampu ndogo na spana vinaenea katika mfuko mmoja chini ya kiti. Magurudumu madogo ya mbele ya kitimwendo ni tofauti, kwa kuwa si rahisi kuyapata katika maduka ya kawaida. Yakianza kucheza au kupasuka, yabadilishwe mapema.

Aidha, ni vyema mtumiaji abebe maji, dawa anazotumia na simu yenye chaji na salio. Namba za ndugu wawili au watatu ziandikwe pia kwenye karatasi, kwani simu ikizima namba zilizomo hazitamsaidia. Mtu mmajowapo nyumbani aelezwe njia itakayotumika na saa ya kurejea.

Kwa mwenye skuta ya umeme, hesabu ya chaji ijumuishe safari ya kurudi. Umbali unaotajwa na mtengenezaji hupimwa kwa betri mpya katika barabara tambarare. Mchanga, mlima, mzigo na uchakavu wa betri huupunguza. Kipimo cha chaji kikifika nusu kabla ya kufika aendako, ni salama zaidi kugeuza.

Hitilafu inapotokea

Jambo la kwanza ni kutoka barabarani. Kama chombo hakiwezi kusogea, mtumiaji awaombe wapita njia wakisukume hadi pembeni, kisha afunge breki. Usiku, tochi au kiakisi mwanga kiwekwe mahali ambapo madereva wataona kwa mbali.

Tairi likipata pancha, lisiendelee kuzungushwa bila upepo. Mwendo wa namna hiyo hukata tyubu na kupinda rimu, na kazi ya kubandika kiraka hugeuka kuwa gharama ya kununua gurudumu zima.

Skuta ikizima ghafla, mtumiaji aangalie kwanza ufunguo na viunganishi vya betri. Skuta nyingi pia zina kitufe cha usalama kinachokata umeme mota inapoelemewa, hasa mlimani. Baada ya kusubiri dakika chache, kitufe hicho kibonyezwe mara moja. Kikikata tena, kisilazimishwe. Betri iliyoisha chaji inaweza kurudisha nguvu kidogo baada ya kupumzika, lakini nguvu hiyo ni ya kusogea hadi mahali salama, si ya kurudi nyumbani.

Ili skuta isukumwe, ipo wenzo ya kuachia mota, ambayo kwa kawaida huwa upande wa nyuma. Ikishaachiwa, breki ya umeme nayo huacha kufanya kazi. Kwa hiyo, mwenyewe asikae juu ya skuta hiyo kwenye mteremko, na wanaoisukuma wasiiachie. Skuta nyingi hutumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kupata volti 24. Kuziunganisha na betri ya gari ili kuziongezea nguvu kunaweza kuharibu mfumo wake na kusababisha moto.

Namna ya kumsaidia

Anayetaka kusaidia aulize kwanza, kisha afuate maelekezo ya mwenye chombo, kwa kuwa ndiye anayeujua mwili wake na kifaa chake. Asivutwe mikono wala kuinuliwa bila ridhaa yake. Kitimwendo kinyanyuliwe kwa kushika fremu, si sehemu za kuegemea mikono au miguu ambazo zinaweza kuchomoka. Skuta ni nzito, hivyo betri zitolewe kabla ya kuipakia.

Mtu aliyeumia uti wa mgongo anaweza asihisi joto wala maumivu. Asiketishwe juu ya lami au jiwe lililopata jua. Akalishwe kivulini juu ya mto wake, na asaidiwe kubadili mkao angalau kila nusu saa ili kuepuka vidonda vya mgandamizo.

Usafiri wa kurudi upangwe ili mtu na chombo chake wafuatane. Bajaji inaweza kumbeba mtu, na guta au gari dogo la mizigo maarufu kwa jina la kirikuu likabeba chombo. Nauli ikubaliwe kabla ya kuondoka, namba za usajili ziandikwe, na ndugu au mtu anayeaminika aambatane na mzigo. Anayefikishwa nyumbani bila chombo chake hubaki amefungiwa ndani.

Mahali pa kupata msaada

Endapo usalama uko hatarini, namba 112 ni ya dharura ya Polisi na 114 ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ofisi ya Serikali ya Mtaa au Kijiji iliyo karibu inaweza kusaidia kuwasiliana na familia na kuhifadhi chombo hadi kitakapofuatwa. Matengenezo yanayozidi uwezo wa familia yafikishwe kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri.

Halmashauri pia hutenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya watu wenye ulemavu. Karakana ya kutengeneza baiskeli na vitimwendo ni miongoni mwa shughuli zinazoweza kubuniwa kupitia fursa hiyo, na faida yake ni mara mbili: mmoja anapata kipato, na mwingine anapata fundi wa karibu siku atakapokwama njiani.