Wadudu magamba

Wadudu magamba (pia vidugamba) ni wadudu wadogo wafyonzao utomvu wa mimea. Kwenye pwani ya Bagamoyo na Saadani hushambulia miembe, michungwa na minazi. Jike hujibandika kwenye jani, tawi au tunda, akakaa papo hapo chini ya gamba lake. Anayetembea ni mtoto aliyetoka tu kuanguliwa, ambaye pia hubebwa na upepo. Ndipo dawa humpata kwa urahisi, kwa kuwa hajajifunika bado.

Aulacaspis tubercularis, gamba jeupe la maembe, huacha mabaka ya waridi kwenye ganda. Nyama ya embe hubaki njema, ila mnunuzi hulikataa. Gamba jingine, Aspidiotus destructor, hugeuza makuti ya mnazi kuwa ya manjano.

Magamba laini hutoa umajimaji mtamu, na juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Sungusungu na majimoto, ambao ni sisimizi, huufuata utamu huo na kuwafukuza maadui wa magamba. Hata hivyo majimoto hawafai kuangamizwa ovyo, maana huwinda kunguni waharibuo nazi na korosho.

Kupogoa matawi yaliyosongamana na kuyachoma ndiyo kazi ya kwanza ya kuwazuia wadudu magamba. Mafuta mepesi ya madini yaliyochanganywa na maji huwaziba pumzi. Yapulizwe asubuhi au jioni, kwani jua kali huunguza majani. Sumu kali huua pia nyigu wadogo na wadudu kibibi, walinzi wa bure wa shamba. Mdudu kibibi Rodolia cardinalis, aliyepelekwa California kutoka Australia mwaka 1888, aliokoa michungwa ya huko kwa kuwala magamba.