Miche, Jumuiya na Kura: Elimu ya Uraia Chini ya Mlima Kenya

Machi 1957 Waafrika wa Kenya waliwachagua kwa mara ya kwanza wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Nyeri, Murang'a, Embu na Meru zilikuwa bado chini ya Hali ya Hatari, na Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuruhusiwa kupiga kura bila cheti cha uaminifu kwa serikali ya kikoloni. Bernard Mate wa Meru alimshinda Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika baraza hilo mwaka 1944. Maelfu ya waliokuwa vizuizini, pamoja na wengi waliowaunga mkono, hawakuwa na sauti. Kwa hivyo kura iliingia mlimani kama zawadi ya mkubwa kwa mtiifu. Kazi ya makundi ya raia yasiyofungamana na chama imekuwa kuigeuza zawadi hiyo kuwa haki.

Uhuru haukuimaliza kazi hiyo. Kenya ilifanywa nchi ya chama kimoja kisheria mwaka 1982, na vyombo vya raia vikaanza kumezwa. Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa 1952 na chenye vikundi hadi vijijini, kiliunganishwa na chama hicho kimoja, KANU, mwaka 1987. Mtandao ambao ungewafundisha wanawake haki zao ukawa mkono wa chama tawala.

Mlolongo

Ndipo ukaja mlolongo. Katika mchujo wa KANU wa 1988, wapiga kura walipanga foleni uwanjani nyuma ya wakala aliyeinua picha ya mgombea. Afisa akahesabu vichwa, akatangaza mshindi. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alipita bila kupingwa. Mkulima aliyehitaji barua ya chifu na mwalimu aliyeogopa uhamisho walisimama mchana kweupe mbele ya wale walioweza kuwaadhibu. Watu walipotawanyika hapakubaki karatasi hata moja, kwa hivyo hapakuwa na cha kuhesabu upya. Katika sehemu nyingi wananchi walishuhudia foleni fupi ikitangazwa kuishinda foleni ndefu.

Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilikuwa limekwisha kuupinga utaratibu huo tangu Agosti 1986. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mchungaji akisimama nyuma ya picha moja amewagawanya waumini wake, na muumini akisimama hadharani amejitangazia maadui. Juni 1987 Askofu David Gitari, mzaliwa wa Kirinyaga, alihubiri mjini Nyeri kutoka Kitabu cha Danieli, juu ya sheria zinazobadilishwa kwa haraka ili kumnasa mwenye haki. Wanasiasa walimshambulia kwa maneno. Aprili 1989 genge lilivamia nyumba yake usiku huko Kirinyaga. Alipanda juu ya paa akapiga mayowe, na majirani wakaja. Mlolongo ulifutwa mwishoni mwa 1990, baada ya wananchi kuulaani mbele ya kamati iliyoongozwa na George Saitoti.

Semina za kina mama wa miche

Shule nyingine ya uraia ilikuwa kwenye vitalu. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri, alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977 ndani ya Baraza la Kitaifa la Wanawake. Kina mama walianza kwa kuotesha miche, lakini walipouliza kwa nini misitu inagawiwa watu na mito inakauka, jibu liliwafikisha kwenye utawala. Shirika likaanzisha semina za uraia na mazingira.

Mwenendo wa semina hizo unastahili kukumbukwa. Washiriki waliombwa wataje matatizo yao, na orodha ikawa ndefu mno: njaa, chai na kahawa zisizolipa, barabara mbovu, ufisadi. Walipoulizwa yametoka wapi, karibu wote waliinyooshea serikali kidole. Hapo mwezeshaji aliuliza swali jingine: mtu hupandaje basi lisilo lake? Majibu yakamiminika: hakuuliza, aliuliza akadanganywa, hajui kusoma kibao, aliogopa, alilazimishwa. Polepole watu wakaona kwamba waliochagua vibaya, walionyamaza na waliouza kura nao walikuwa na sehemu yao. Hakuna chama kilichotajwa wala mgombea aliyependekezwa. Aliyetoka pale alirudi kijijini akijua kuwa yeye mwenyewe ana la kufanya.

Kutoka kanisani hadi kituoni

Vyama vingi viliporudishwa Desemba 1991, makundi yalijipanga upya. Kwa uchaguzi wa Desemba 1992 makanisa yaliendesha elimu ya uraia, na waangalizi wa ndani wakatumwa vituoni. Mwaka 1997 Tume ya Haki na Amani ya Kanisa Katoliki, NCCK na Taasisi ya Elimu katika Demokrasia walituma pamoja takriban waangalizi 28,000 nchi nzima. Kuanzia 2002 kura zilihesabiwa papo hapo kituoni, mbele ya mawakala na waangalizi. Kundi la Uangalizi wa Uchaguzi, ELOG, lililoundwa 2010, limelinganisha matokeo ya urais yaliyotangazwa na hesabu yake kutoka vituo vilivyoteuliwa.

Katika parokia za Nyeri, Meru, Embu na Murang'a, kazi hiyo imekuwa na makao ya kudumu: jumuiya ndogondogo. Kila Kwaresima Tume ya Haki na Amani hutoa kijitabu chenye mada ya kila wiki, picha na hadithi. Wanajumuiya hukaa sebuleni kwa jirani, wakaitazama picha, wakaipima kwa Maandiko, kisha wakaamua watakachotenda. Uongozi bora, rushwa na uchaguzi vimejadiliwa hivyo mwaka baada ya mwaka, hata pasipo uchaguzi.

Yapo yaliyobaki. Mwaka 2013 zaidi ya asilimia 90 ya waliojiandikisha Nyeri walipiga kura. Lakini hamasa hiyo ilitokana zaidi na wito wa kabila na chama, na wito wa namna hiyo hupoa: mwaka 2022 waliojitokeza nchini walikuwa takriban asilimia 65, na vijana waliojiandikisha walipungua kuliko 2017. Juni 2024 vijana hao hao walijaa barabarani Nyeri, Nanyuki na Embu kupinga Mswada wa Fedha. Hawakuwa wamekosa uzalendo. Walikuwa wamekosa imani na debe.

Katiba ya 2010 imewapa nafasi kati ya uchaguzi na uchaguzi. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi yake hadharani na kuwashirikisha wananchi, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaziagiza kaunti zitoe elimu ya uraia. Kundi la raia lenye thamani ni lile linalokutana hata mwaka usio na kampeni, linalokataa fedha za mgombea, na linalomfuata mwakilishi hadi kwenye kikao cha bajeti. Ewe msomaji, jiandikishe, kisha uende kwenye kikao kijacho cha bajeti katika wadi yako pamoja na jirani yako mmoja.