Puto Juu ya Duthumi

Mwaka 1863 Jules Verne, Mfaransa ambaye hakuwahi kufika Zanzibar, alichapisha riwaya ya Waingereza watatu wanaopaa kutoka huko kwa puto la haidrojeni. Wanavuka Uzaramo na kulala karibu na mlima Duthumi, ng’ambo ya Uluguru hii tunayoiona kila asubuhi kutoka Morogoro Mjini. Rubani, Dakta Fergusson, hupasha gesi moto ili apande au ashuke bila kuipoteza, akitafuta upepo unaomfaa.

Wasomi husifu ubashiri huo wa usafiri wa anga. Mimi huona kwanza walioachwa chini. Verne alitegemea taarifa za Burton na Speke, waliopita njia hiyo mwaka 1857 kwa mabega ya wapagazi. Puto lake linawafuta wapagazi hao. Na wenyeji wa Kazeh, yaani Tabora, wanalidhania kuwa ni mwezi! Katika ndoto hiyo ya teknolojia, Mwafrika ni mtazamaji.

Novemba 1917 ndoto ilikaribia kutimia. Wajerumani walirusha chombo cha anga L59 kutoka Jamboli, Bulgaria, kikimpelekea von Lettow-Vorbeck risasi na dawa. Kiliitwa kirudi kikiwa juu ya Sudan, kikatua Jamboli baada ya saa 95 hivi angani. Morogoro ilikwisha kutekwa na Waingereza tangu Agosti 1916. Mizigo ya majeshi yote mawili iliendelea kubebwa vichwani, na makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa na maradhi, wengi wao bila majina yao kuandikwa popote.