Manjano Mazima na Kidonge Chake

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka polepole.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia kitu ambacho huenda umekifunga katika karatasi ndogo karibu na jiko lako: manjano.

Pengine umemsikia mtu sokoni akinadi kopo la vidonge vya rangi ya chungwa. Anasema manjano ya jikoni ni chakula tu. Eti nguvu yake yote imetolewa ikawekwa ndani ya kidonge, nacho kinatibu presha, sukari, hata malaria. Jirani yako anakataa. Yeye anasema cha shambani hushinda cha kiwandani siku zote, kwa hiyo mtoto akipata homa umpe maji ya manjano, yatosha.

Ukimfuata wa kwanza unaweza kupoteza posho ya mwezi. Ukimfuata wa pili unaweza kupoteza mtoto. Kabla hujachagua, sikiliza historia ya mmea huu na ya mimea mingine miwili.

Asili ya manjano ni Asia ya Kusini. Wahindi wameyatumia kwa maelfu ya miaka, kama kiungo, kama rangi ya nguo na kama dawa. Yalifika pwani yetu kwa majahazi yaliyofuata upepo wa kaskazi. Kutoka pwani, njia ya misafara ilipanda kutoka Bagamoyo hadi Tabora, kisha Ujiji kwenye ziwa Tanganyika. Toka Ujiji watu walipanda mitumbwi kuelekea kaskazini. Mwaka 1897 Wajerumani walijenga kituo cha askari mahali palipoitwa Usumbura, na huo ndio mji wetu wa Bujumbura. Waswahili walikaa hapa, na wengi wao baadaye wakawa wenyeji wa mtaa wa Buyenzi. Wahindi na Waarabu walifungua maduka katika mtaa ambao hadi leo tunauita Asiatique. Watu hao walikuja na lugha yao na mapishi yao. Ndiyo maana leo mama wa Buyenzi akipika mchuzi wa mukeke anatia manjano bila kufikiri yametoka wapi.

Sasa twende Paris, mwaka 1815. Wanasayansi wawili, Vogel na Pelletier, walitoa kwenye mzizi wa manjano kiini chenye rangi ya njano. Wakakiita kurkumini. Likumbuke jina la Pelletier, kwa sababu miaka mitano baadaye, mwaka 1820, yeye na mwenzake Caventou walifanya kazi kama hiyo kwa gome la mti mwingine, mti wa kinkina. Wakapata kwinini.

Ndugu uliyetoka Kivu, mti huo unaujua. Magome yake yamekaushwa na kupelekwa kiwandani Bukavu kwa miaka mingi. Asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Kabla ya mwaka 1820, mgonjwa wa malaria alikunywa unga wa gome lenyewe. Ulisaidia, lakini gome la mti mmoja lilikuwa kali na la mti wa pili dhaifu, na wafanyabiashara walilichanganya na magome mengine. Mgonjwa hakujua amemeza dawa kiasi gani. Kwinini iliyotolewa peke yake ilimaliza shida hiyo, maana iliweza kupimwa. Mwaka 1942, wakati wa vita, Wajapani walipoteka kisiwa cha Java kilichokuwa kikitoa karibu kwinini yote ya dunia, nchi nyingi zilihangaika kutafuta mashamba mengine, hata hapa Afrika.

Mmea wa pili ni artemisia. Wachina waliujua tangu zamani kama dawa ya homa. Mwaka 1972 kundi la mama Tu Youyou lilitoa ndani yake kiini kinachoitwa artemisinini, na mwaka 2015 mama huyo alipewa tuzo ya Nobel. Sisi Burundi tuna kumbukumbu yetu wenyewe. Mwaka 2000 na 2001 malaria ilifumuka mikoani, Kayanza, Ngozi, Karuzi na kwingine, ikawapata mamilioni ya watu. Wakati huo klorokini, dawa iliyozoeleka, ilikuwa imeshashindwa na vijidudu. Mwaka 2003 nchi ilibadilisha dawa ikachukua ile inayochanganya artesunati, inayotokana na artemisinini, na amodiakini.

Je, chai ya majani ya artemisia haitoshi? OMS, Shirika la Afya Duniani, haiipendekezi. Kiasi cha kiini ndani ya majani hubadilika kutoka shamba hadi shamba, na mara nyingi ni kidogo mno. Kidogo kisichoua vijidudu vyote huvifundisha kuizoea dawa. Kwa hiyo katika mimea hii miwili, kiini kilichotolewa na kupimwa kimeushinda mmea mzima.

Hapo ndipo muuza vidonge anapopata nafasi. Anasema: kama ilivyokuwa kwa kinkina, ndivyo ilivyo kwa manjano. Lakini sivyo, na sababu si ngumu.

Kurkumini ni kama gramu 3 tu katika kila gramu 100 za manjano makavu. Kijiko kimoja cha chai kinabeba gramu 3 hivi za unga, kwa hiyo kinakupa kama miligramu 90 za kurkumini. Watafiti waliwapa wagonjwa hadi gramu 8 kwa siku, sawa na vijiko karibu 90 vya manjano. Walipopima damu walikuta kurkumini ndogo sana. Tumbo haliipokei vizuri, na kile kinachopita ini hukivunja haraka. Kwinini humezwa ikafika kwenye damu, ikamkuta adui huko. Kurkumini nyingi huishia chooni.

Mwaka 2017 wanakemia wa Marekani, Kathryn Nelson na wenzake, walipitia utafiti uliokuwa umefanywa. Majaribio ya kurkumini kwa watu yalikuwa yamepita 120. Walitafuta lile jaribio la haki, ambamo mgonjwa na daktari wote hawajui nani kapewa kidonge cha kweli na nani cha bandia. Hawakupata hata moja la namna hiyo ambalo kurkumini ilikuwa imefaulu. Yako majaribio madogo ya maumivu ya magoti ambayo yameonyesha nafuu kwa baadhi ya watu. Lakini kati ya nafuu ya goti na kuponya kansa kuna mwendo mrefu.

Wenye viwanda walitafuta njia nyingine. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kwamba kiini cha pilipili manga, kinachoitwa piperini, huongeza kurkumini inayofika kwenye damu mara 20. Tangu hapo vidonge vingi huchanganya vyote viwili. Lakini mlango ukifunguliwa kwa nguvu, hatujui nani mwingine anaingia. Piperini inaweza kubadilisha kiasi cha dawa nyingine mwilini. Mwaka 2019 serikali ya Italia iliwaonya wananchi baada ya watu kadhaa waliotumia vidonge vya manjano kuugua ini. Marekani pia wagonjwa kama hao wameonekana. Si wengi ukilinganisha na wanaovitumia. Ila mgonjwa wa kifua kikuu, ambaye dawa zake zenyewe tayari zinalichosha ini, hana sababu ya kuongeza mzigo huo.

Je, jirani yako ndiye aliyeshinda basi? Kwa nusu. Manjano mazima, kwa kiasi cha mapishi, yameliwa na vizazi vingi bila madhara. Yana mafuta yake yenye harufu, yana ladha, na maharage ya posho yaliyochosha ulimi hupata uhai mpya. Mtoto asiyetaka kula akila kwa sababu mchuzi umenukia, hiyo ni faida ya kweli. Lakini hayaui vijidudu vya malaria, na maji ya manjano hayachukui nafasi ya dawa.

Tena uwe macho unaponunua. Mwaka 2019 watafiti waligundua kwamba nchini Bangladesh mizizi mikavu ilikuwa ikisuguliwa kwa rangi ya njano yenye madini ya risasi ili ing'ae. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na haionekani kwa macho. Ukiweza, nunua mzizi mbichi wenye udongo wake, uoshe, usage mwenyewe. Unga unaong'aa kupita kiasi usikuvutie.

Ndugu msikilizaji, Pelletier alitumia mikono ile ile kwa mizizi ya manjano na kwa gome la kinkina. Gome lilimpa dawa iliyookoa watu wengi. Mzizi ulimpa rangi nzuri, na miaka 200 baadaye bado tunasubiri dawa. Kwa hiyo ukiambiwa "ni ya asili" au ukiambiwa "imetolewa kiini", jua bado hujajibiwa. Uliza: imejaribiwa kwa watu gani, kwa ugonjwa gani, kwa kipimo gani?

Mtoto wako akiwa na homa, mpeleke kituo cha afya siku ile ile, atobolewe kidole, apimwe. Akiwa na malaria atapewa dawa, nawe mmalizishe vidonge vyote. Ukiwa unatumia vidonge vya manjano, mwambie muuguzi, usimfiche. Akipona, mpikie mchuzi wenye manjano, ale ashibe.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika kambi yetu, ni dawa gani zinazouzwa kwa maneno kwamba zinatibu kila kitu? Muuzaji akiulizwa maswali yale matatu, anajibu nini?

2. Kwa nini kipimo kilikuwa muhimu kwa kwinini na kwa artemisia?

3. Mama jirani anataka kungoja siku mbili huku akimpa mtoto mwenye homa maji ya manjano. Utamwambiaje bila kumdharau?

(Muziki wa kufunga.)