Nani Alimfundisha Mwalimu wa Bujumbura?

Kila semina ya walimu hapa kambini ina karatasi kubwa ukutani na kalamu za rangi. Mwezeshaji anauliza darasani tunatumia mbinu gani, na sisi tunajibu: vikundi, majadiliano, maswali na majibu. Sawa, hayo tunayajua. Swali ambalo bado sijaliona kwenye karatasi hiyo ni hili: semina ikiisha, mwalimu anaendelea kufundishwa na nani?

Bujumbura wamelijibu swali hilo kwa miaka hamsini, mara nyingi bila kujua kwamba wanalijibu.

Katika mauaji ya mwaka 1972 walimu wengi waliuawa, wengine wakakimbia nchi. Wazee wetu waliokulia Ulyankulu na Katumba wanajua ninachosema. Mwaka uliofuata, 1973, yakaanza mageuzi ya shule ya msingi: Kirundi kiwe lugha ya kufundishia madarasa ya mwanzo, Kifaransa kichukue nafasi baadaye. Wazo lilikuwa zuri, mimi nalitetea hadi leo, maana mtoto anaelewa haraka akisikia lugha ya mama yake. Lakini mwalimu mwenyewe hesabu alijifunzia kwa Kifaransa. Kugawanya alikujua kwa Kifaransa, sasa akueleze kwa Kirundi, tena kwa maneno ya kitabu ambayo hata bibi yake hakuwahi kuyatamka. Vitabu viliandikwa Bujumbura, yeye yuko mlimani peke yake. Afanye nini? Anamuuliza mwenzake wa darasa la pili.

Halafu kulikuwa na redio ya shule. Wengi wetu tunalikumbuka jina la Nderagakura, redio ya shule iliyoko Bujumbura. Somo la Kifaransa linatoka kwenye redio, watoto wanarudia, na mwalimu naye anarudia. Hapo redio ilikuwa inafundisha watu wawili kwa mpigo mmoja, na yule wa pili hakuaibika mbele ya mtu, kwa sababu alionekana anasimamia tu. Sijaona mafunzo ya walimu yenye heshima zaidi ya hayo. Ubaya wake ni kwamba redio haisikii. Haijui mtoto wa benchi la nyuma amelala, wala haiwezi kumwambia mwalimu "pale ulikimbia mno".

Mwaka 1982 ikaja zamu mbili. Watoto walikuwa wengi kuliko madarasa, basi kundi moja linasoma asubuhi, lingine mchana, mara nyingi kwa mwalimu yule yule. Watu wanauzungumzia mfumo huo kama mzigo, na ulikuwa mzigo kweli: saa tisa mchana sauti imekauka na tumbo halina kitu. Ila kuna jambo walimu wa zamani wanalisema na wataalamu hawaliandiki sana. Somo lile lile ulilifundisha mara mbili kwa siku moja. Asubuhi unaona mfano wako wa maembe umewachanganya. Mchana unatumia maharagwe, kila mtoto anayashika mkononi, wanaelewa. Mwalimu aliyekuwa makini alipata jibu la kosa lake kabla jua halijazama. Asiyekuwa makini alichoka mara mbili, basi.

Baada ya hapo mambo yalikimbia. Mwaka 2005 ada ya shule ya msingi ilifutwa, na mitaa kama Kinama na Kamenge ikajaza watoto madarasani. Mia moja mbele ya mwalimu mmoja haikuwa ajabu. Mwaka 2007 nchi ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na miaka hiyo hiyo mwalimu wa msingi akajikuta na lugha nne: Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Hapa Buyenzi ilicheka kidogo. Mtaa ule umeongea Kiswahili tangu mji ukiitwa Usumbura, na kwa miaka mingi kuitwa "umuswahili" lilikuwa tusi, maana yake mjanja, mwongo. Sasa mwalimu aliyetoka bara, Kiswahili chake cha kusoma kitabuni, ana mbele yake mtoto wa Buyenzi anayekiongea tangu tumboni. Mwenye busara alimsimamisha mtoto atamke, yeye akasikiliza.

Mwaka 2013 ikaja shule ya fondamentale ya miaka tisa, masomo yakaunganishwa kwa makundi, na aliyesomea fizikia akatakiwa afundishe na biolojia. Mafunzo yalikuwa mafupi. Miaka miwili baadaye wengi wetu tulikuwa njiani kuja Tanzania.

Hapa tunafuata programu ya Burundi, na wengi wanaosimama ubaoni walimaliza sekondari tu, wanalipwa posho. Ndugu zetu wa mashirika, semina zenu tunazishukuru, chai na cheti pia. Ila mwezeshaji akiondoka Ijumaa, Jumatatu hayupo kuona kama vikundi vyenye watoto ishirini kila kimoja vinawezekana chini ya hema.

Walimu wawili wa darasa la tatu ninaowafahamu wamepatana hivi: kila Alhamisi mmoja anaunganisha madarasa yote mawili, mwingine anakaa nyuma na daftari. Haandiki alama. Anaandika majina ya watoto ambao hawakuulizwa swali hata moja. Wiki ya kwanza majina yalijaza kurasa mbili, na mwenye somo aliyasoma yote kimya kimya, kisha akaomba daftari alipeleke nyumbani.