Padri Alberto Maria De Agostini na mashine yake ya foto

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka 1911, Wasalesiani wa kwanza waliotumwa katika inchi yetu, wakiongozwa na Padri Joseph Sak, walifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mwaka uleule, mbali sana, kwenye ncha ya kusini ya Amerika, misioni ya Mtakatifu Rafaeli ya shirika lilelile ilifungwa. Misioni hiyo ilikuwa katika kisiwa cha Dawson, ndani ya mlango wa bahari wa Magellan. Haikufungwa kwa sababu kazi ilikuwa imetimia. Muda ambao serikali ya Chile iliwapa mapadri kukaa kisiwani ulikuwa umekwisha, na wale waliokusanywa pale walikuwa wamekufa karibu wote.

Padri Alberto Maria De Agostini aliingia katika habari hiyo akiwa amechelewa, na lazima tukumbuke jambo hilo kila tunapotazama foto zake. Alizaliwa tarehe 2 ya mwezi wa kumi na moja 1883 huko Pollone, katika jimbo la Piemonte, kaskazini mwa Italia, chini ya milima ya Alpes. Kaka yake Giovanni alikuwa fundi wa ramani, naye mwaka 1901 alianzisha nyumba ya kuchapa ramani ambayo jina lake lajulikana hata leo. Alberto alichagua njia ya Don Bosco. Alipewa upadri mwaka 1909, na mwaka uliofuata akafika Punta Arenas, mji wa Chile penye upepo usiokoma.

Inchi ile ng'ambo ya mlango wa bahari Wazungu waliiita Inchi ya Moto, tangu Magellan alipopita mwaka 1520, kwa sababu ya mioto ya wenyeji iliyoonekana toka melini. Wenyeji wa kisiwa kikubwa ni Waselknam, ambao wengine waliwaita Waona. Waliishi kwa kuwinda kwa upinde guanako, mnyama wa ukoo wa ngamia, na ngozi yake ndiyo ilikuwa nguo yao. Kwenye mwaka 1880 walikuwa watu elfu tatu au zaidi. Kisha wakaja watafuta-dhahabu, na nyuma yao wenye makundi makubwa ya kondoo. Nyika ikazungushwa nyaya, guanako wakapungua, na Mselknam aliyechinja kondoo kwa njaa akahesabiwa kuwa mwizi. Wakubwa wengine wa mashamba walilipa fedha kwa kila mtu aliyeuawa. Padri Martin Gusinde alipowahesabu mwaka 1919 alikuta 279 tu.

Monsinyori Giuseppe Fagnano, mkuu wa misioni zile, alitaka kuwaokoa kwa kuwapa pahali pa salama: Dawson tangu 1889, na Candelaria ya Río Grande tangu 1893. Nia ilikuwa njema, wala hakuna sababu ya kuitilia shaka. Lakini watu waliozoea kutembea katika upepo waliwekwa pamoja nyumbani, wakavishwa nguo za pamba na kukaa karibu karibu. Kifua kikuu na surua vikawapata. Mamia walizikwa Dawson. Risasi za wafugaji na magonjwa ya misioni si dhambi moja, na mwandishi anayezichanganya hasemi kweli. Lakini anayeyaacha magonjwa ili heshima ya misioni isiguswe, huyo naye hasemi kweli.

Kumbe De Agostini alikuta mabaki. Wakati ule foto ilipigwa juu ya kioo kilichopakwa dawa: kizito, chepesi kuvunjika, na kila kimoja hutoa picha moja tu. Vioo hivyo alivibeba katika mitumbwi, juu ya farasi na mgongoni, kwenye mvua na theluji. Akipenda kuonyesha safu nzima ya milima, alipiga foto kadhaa mfululizo, kisha akaziunga kuwa moja ndefu. Alitengeneza pia sinema juu ya inchi za Magellan. Foto zake zilichapwa vitabuni na katika kadi za posta, zikazunguka Ulaya na Amerika.

Kwa milima yake hakuna ugomvi: mlima haujipambi mbele ya mashine. Kwa watu ni vingine. Miaka ile Waselknam wengi walikuwa wamekwisha kuvaa nguo za Kizungu na kufanya kazi kwa wafugaji au katika misioni. Wanaposimama katika foto wamejitanda ngozi za guanako, upinde mkononi, yafaa kuuliza nani aliwaomba wazivae siku ile. Mara nyingi chini yake hakuna jina la mtu, ila jina la kabila tu. (Wenye foto za zamani nyumbani waandike majina nyuma yake sasa, wazee wangali wanakumbuka.) Hata hivyo padri huyu hakunyamaza: katika vitabu vyake aliandika wazi namna wenyeji walivyowindwa kwa ajili ya kondoo, na alipoandika hivyo wenye kondoo walikuwa bado wenye nguvu.

Miaka yake mingine ilikwenda milimani. Mwaka 1931 alivuka barafu kuu ya Patagonia pamoja na Egidio Feruglio, mtaalamu wa miamba, na waongozi wawili wa Alpes. Mwezi wa kumi na mbili 1943, mwenye miaka 60, alifika kileleni mwa San Lorenzo, mlima wa metre 3,706 ambao hakuna aliyewahi kuupanda. Sarmiento, ambao ulimshinda mwaka 1913 kwa sababu ya tufani, haukumtoka moyoni. Mwaka 1956, mzee wa miaka 72, alirudi na kundi toka Italia. Yeye alibaki chini, na Carlo Mauri na Clemente Maffei wakafika juu. Alifariki Torino siku ya Noeli 1960. Miaka mitano baadaye Chile iliita mbuga kubwa ya visiwa na barafu kwa jina lake.

Kwa muda mrefu foto zake zilitajwa kuwa sura za watu wa mwisho wa kabila lililokwisha. Wajukuu wa Waselknam walikataa neno hilo. Walikuwa hai, wakiishi katika miji ya Chile na Argentina. Mwaka 2023 sheria ya Chile iliwaandika Waselknam kati ya makabila ya asili ya inchi ile.